UZI: Daraja la Alcántara, nguzo zinazojisimamia zenyewe tangu enzi za Trajan

#1 Mleta mada

Magharibi mwa Uhispania, katika jimbo la Extremadura na karibu kabisa na mpaka wa Ureno, mto Tagus unapita katika bonde jembamba lenye kingo za mwamba, na juu yake limesimama daraja la mawe ambalo Warumi walilijenga mwanzoni mwa karne ya 2. Mji mdogo ulio kando yake unaitwa Alcántara, jina la Kiarabu lililobaki tangu enzi za utawala wa Waislamu, na maana yake ni daraja lenyewe.

Nimefungua uzi huu kwa sababu madaraja ya Kirumi husifiwa sana lakini huelezwa kidogo. Tunaambiwa kwamba yamedumu kwa kuwa mawe yake ni makubwa na mafundi wake walikuwa hodari, kisha maelezo yanaishia hapo. Daraja la Alcántara linatufundisha zaidi ya hayo, kwa kuwa limevunjwa kwa makusudi mara kadhaa, hata kwa baruti, na kila mara sehemu iliyobaki imeendelea kusimama hadi wajenzi wengine walipokuja kuziba pengo. Hoja yangu ni kwamba jambo hilo linatokana na namna nguzo zake zilivyojengwa, na ningependa tuichunguze hoja hiyo pamoja.

Kwanza vipimo. Daraja lina urefu wa karibu mita 190 na upana wa karibu mita 8, nalo lina matao sita yasiyolingana. Matao mawili ya katikati ndiyo makubwa zaidi, kila moja likiwa na uwazi wa karibu mita 28, na mengine yanapungua kadiri bonde linavyopanda kuelekea kwenye kingo, ilhali njia ya juu imenyooka tambarare kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Kutoka usawa wa kawaida wa maji hadi kwenye njia hiyo ni zaidi ya mita 40. Kimo hicho kinatokana na hali ya mahali penyewe: kingo za bonde ziko juu, na mvua za masika zinapokuwa nyingi maji ya Tagus, yakiwa hayana nafasi ya kutanuka pembeni, hupanda juu kwa kasi, kwa hiyo aliyechora daraja hili alilazimika kuanzia matao yake mahali ambapo mafuriko ya kawaida hayafiki.

Kuhusu tarehe, hatuna haja ya kukisia. Juu ya nguzo ya katikati limesimama lango la heshima la mawe, na maandishi yake yanamtaja Kaisari Trajan pamoja na vyeo vyake, kikiwamo cha mamlaka ya utribuni kwa mara ya 8. Kwa kuwa makaisari walihesabu cheo hicho mwaka hadi mwaka, maandishi hayo yanaangukia kati ya mwisho wa mwaka 103 na mwisho wa mwaka 104. Trajan mwenyewe alizaliwa Italica, kusini mwa Hispania hiyohiyo, ingawa, kama tutakavyoona, si yeye aliyetoa fedha za ujenzi.

#2 Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, ahsante kwa uzi huu. Mimi ni fundi mwashi na nimejenga kuta nyingi za mawe, lakini sijawahi kujenga ndani ya mto. Naomba ufafanue mambo mawili. Waliwezaje kuweka msingi mahali ambapo maji yanapita? Pili, nimesoma kwamba mawe ya daraja hilo hayakuunganishwa kwa chokaa. Je, ni kweli, na kama ni kweli, kitu gani kinayazuia yasiteleze?

#3 Mleta mada

Fundi, maswali yako yanagusa kiini cha kazi yenyewe, kwa hiyo nitayajibu kwa urefu.

Kuhusu msingi, mwandishi wa Kirumi Vitruvius, aliyeandika zaidi ya miaka 100 kabla ya daraja hili, ametuachia maelezo ya jinsi wajenzi wa zama zake walivyofanya kazi ndani ya maji. Walipigilia safu mbili za magogo kuzunguka eneo la msingi, wakayafunga pamoja, kisha nafasi iliyo kati ya safu hizo wakaijaza udongo wa mfinyanzi uliotiwa katika vikapu vya matete na kushindiliwa hadi maji yasipite. Baada ya hapo maji yaliyobaki ndani ya boma hilo yaliondolewa kwa magurudumu na mitambo ya skrubu iliyozungushwa na watu. Kama chini palikuwa na udongo laini, waliuchimba hadi wapate tabaka gumu, na pale lisipopatikana walipigilia nguzo za miti zilizobabuliwa kwa moto ili zisioze, na nafasi zilizobaki kati yake wakazijaza makaa.

Alcántara haikuwa na taabu hiyo ya mwisho. Sakafu ya bonde ni mwamba, nazo nguzo zimeketi juu ya mwamba huo moja kwa moja, jambo ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko ustadi wowote uliofuata, kwa sababu madaraja mengi ya mawe huanguka kutokana na maji kuchimba mchanga chini ya nguzo hadi nguzo inainama. Isitoshe, Tagus ni mto ambao kiangazi hupungua sana, na mjenzi mwenye subira aliweza kupanga kazi ya msingi iangukie katika miezi hiyo.

Sasa mawe. Ni graniti, ambayo vitabu vyetu vya jiografia huiita itale, iliyochongwa katika matofali makubwa yenye pembe sawasawa na kupangwa bila chokaa. Hakuna kinachoyazuia yasiteleze isipokuwa uzito wake yenyewe na usawa wa nyuso zinazokutana. Nyuso hizo zilichongwa kwa patasi hadi jiwe likalala juu ya lenzake bila kuyumba, wakati uso wa nje uliachwa ukiwa unaparuza, kwa kuwa kuulainisha kungekuwa gharama isiyoongeza nguvu. Kwenye madaraja mengi ya Kirumi unaweza kuona bado matundu madogo kwenye mawe, na hayo ni alama za kazi: makoleo ya chuma yalishika jiwe kwenye matundu hayo, kamba ikapita kwenye kapi, na winchi ikalipandisha juu. Kwa mizigo mikubwa walitumia gurudumu pana ambalo watu waliingia ndani yake na kulizungusha kwa kutembea. Mtambo wa namna hiyo umechongwa kwenye kaburi la familia ya Haterii lililokuwa Roma, na jiwe hilo sasa limehifadhiwa katika makumbusho ya Vatikani, kwa hiyo tunajua sura yake vizuri.

Tao lenyewe lilihitaji kiunzi cha mbao chenye umbo la nusu duara, ambacho mawe yaliyochongwa kwa umbo la kabari yalipangwa juu yake kutoka pande zote mbili hadi jiwe la mwisho likaingia kileleni. Kabla ya jiwe hilo kuingia, uzito wote unabebwa na mbao. Likishaingia, mawe yanaanza kubanana yenyewe na kiunzi kinaweza kushushwa. Kiunzi hakikulazimika kuanzia chini mtoni, kwani pale tao linapoanzia wajenzi waliacha mawe yaliyochomoza nje ya nguzo, na boriti za kiunzi zikaegemea juu yake. Anayetaka kuona mawe ya namna hiyo kwa uwazi zaidi atazame picha za Pont du Gard huko Ufaransa.

#4 Mchangiaji wa pili

Mkuu, umesema hoja yako ni nguzo, lakini hadi sasa umeeleza msingi na matao. Kuna tofauti gani kati ya nguzo za Alcántara na za daraja lolote la mawe?

#5 Mleta mada

Tofauti ni unene wake kwa kulinganisha na uwazi wa tao.

Kila tao linasukuma. Mzigo unapoteremka kupitia mawe ya kabari haushuki wima peke yake, bali unasukuma pia kwa upande, ukitaka kuzitenganisha nguzo mbili zinazolibeba tao hilo. Katika daraja lenye matao mengi, nguzo ya kati inasukumwa kutoka pande zote mbili, na misukumo hiyo ikiwa sawa inafutana, kama watu wawili walioegemeana migongo. Hatari inakuja pale tao moja linapoondoka. Nguzo inabaki na msukumo wa upande mmoja, na ikiwa nyembamba itapinduka, iangushe tao linalofuata, na hilo liiangushe nguzo inayofuata, hadi daraja zima limalizike.

Warumi kwa kawaida waliipa nguzo unene unaokaribia theluthi ya uwazi wa tao. Nguzo yenye unene huo, iliyojengwa kwa graniti, ina uzito wa kutosha kuupokea msukumo wa upande mmoja na kuuteremsha hadi kwenye mwamba bila kupinduka. Kwa maneno mengine, kila nguzo iliandaliwa ibaki imesimama hata jirani yake asipokuwapo. Kulikuwa na faida nyingine ya karibu zaidi kwa mjenzi: angeweza kumaliza tao moja, akashusha kiunzi chake na kuzitumia mbao zilezile kwenye tao linalofuata.

Linganisheni na daraja la Neuilly karibu na Paris, ambalo mhandisi Jean-Rodolphe Perronet alilikamilisha katika miaka ya 1770. Perronet alitambua kwamba misukumo ikifutana nguzo zinaweza kuwa nyembamba sana, akazipunguza hadi karibu sehemu moja ya tisa ya uwazi wa tao, na mto ukapata nafasi kubwa ya kupita. Lakini matao yote yalipaswa kujengwa kwa pamoja na viunzi vyote kuondolewa kwa wakati mmoja, kwa kuwa hakuna nguzo ambayo ingeweza kusimama peke yake. Hayo ni mafanikio makubwa ya hesabu, nami nayaheshimu. Hata hivyo, daraja la namna hiyo likipoteza tao moja vitani linaweza kupotea lote.

Lile lango la heshima nalo linasaidia kidogo. Limesimama juu ya nguzo ya katikati, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, na uzito unaoongezwa juu ya nguzo huifanya iwe ngumu zaidi kusukumwa upande. Sidai kwamba lilijengwa kwa ajili hiyo, kwa kuwa kusudi lake lilikuwa kumtukuza Kaisari.

#6 Mchangiaji wa tatu

Umetuambia kwamba Trajan hakutoa fedha. Basi ni nani aliyelipa, na ni nani aliyechora?

#7 Mleta mada

Walilipa wenyeji, na hilo limeandikwa. Langoni palikuwa na mabamba ya marumaru, na lile lililobaki linaorodhesha manispaa za mkoa wa Kirumi wa Lusitania zilizochanga fedha na kuikamilisha kazi ya daraja. Majina ni 11, miongoni mwao Igaeditani, ambao mji wao ni Idanha-a-Velha ya leo nchini Ureno, na Lancienses Transcudani, ambao jina lao lenyewe linasema kwamba walikaa ng'ambo ya mto Cuda, yaani Côa ya leo. Ukiyaweka majina yanayojulikana kwenye ramani utaona kwamba jamii hizo zilikuwa kaskazini mwa Tagus, ilhali makao makuu ya Lusitania, Emerita Augusta, ambayo leo ni Mérida, yalikuwa kusini. Mtu wa Igaeditani aliyekuwa na kesi, kodi au bidhaa ya kupeleka makao makuu alizuiwa na mto huu kila mafuriko yalipokuja. Kwa hiyo naona mchango wao ulikuwa na sababu nzito kuliko kumpendeza mtawala, ingawa jina la mtawala ndilo lililochongwa kwa herufi kubwa zaidi.

Mchoraji alikuwa Gaius Julius Lacer. Tunamfahamu kutokana na hekalu dogo la chumba kimoja lililo upande mmoja wa daraja, lenye paa la mabamba ya mawe, ambalo maandishi yake yanasema kwamba Lacer alijenga daraja litakalodumu katika zama zote za dunia. Hapo pia pana usemi ambao umenishika sana, unaozungumzia sanaa ambayo kwayo maada inashindwa na nguvu zake yenyewe. Kwa mjenzi wa matao hiyo ni kauli sahihi ya kitaalamu: jiwe linataka kuanguka, na ni kule kutaka kuanguka kunakolibana mahali pake. Mapokeo yanasema Lacer amezikwa katika hekalu hilo.

#8 Mchangiaji wa pili

Nina swali ambalo huenda likapinga hoja yako. Ikiwa daraja limevunjwa na kujengwa upya mara nyingi kiasi hicho, je, bado ni daraja la Kirumi? Pengine tunasifu kazi ya Warumi huku tunatazama kazi ya karne ya 19.

#9 Mleta mada

Ni swali la haki, na njia nzuri ya kulijibu ni kufuata historia ya uharibifu wenyewe.

Mwaka 1214, katika vita vya Waislamu na falme za Kikristo za kaskazini, moja ya matao madogo lilivunjwa. Pengo hilo lilikaa zaidi ya miaka 300, huku matao mengine yakiendelea kusimama. Hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu, kwa kuwa nguzo iliyokuwa kando ya pengo ilivumilia msukumo wa upande mmoja kwa karne tatu na zaidi. Mwaka 1543 Kaisari Karl V, ambaye Wahispania humwita Carlos, aliamuru daraja litengenezwe, na jambo hilo nalo limeandikwa kwenye lango.

Katika karne ya 18 uhasama kati ya Uhispania na Ureno ulisababisha tao jingine livunjwe, na likajengwa tena wakati wa Carlos III. Mwaka 1809, Wafaransa walipokuwa wakilitafuta daraja, majeshi ya Waingereza na Wareno yalilipua tao kwa baruti ili kuwazuia. Miaka mitatu baadaye ni Waingereza haohao waliohitaji kuvuka. Afisa wao Henry Sturgeon alitengeneza wavu wa kamba nene na boriti, ukavutwa kwa winchi juu ya pengo la karibu mita 30 na kukazwa hadi ukaweza kupitisha mizinga mizito, tena ukiwa na faida kwamba ungeweza kuondolewa haraka adui akikaribia. Kamba hizo zilifungwa kwenye kingo za pengo, yaani ziliziongezea nguzo za Kirumi mvuto mpya ambao Lacer hakuufikiria, na nguzo ziliuhimili.

Matengenezo ya muda ya mwaka 1819 yaliteketea mwaka 1836 katika vita vya wafuasi wa Don Carlos, mdai wa kiti cha ufalme wa Uhispania, na tao likabaki wazi hadi lilipojengwa upya kwa mawe mwaka 1860, wakati wa Malkia Isabel II, safari hii kwa kutumia chokaa kwenye viungo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, jibu langu ni hili: baadhi ya matao ni ya mikono ya baadaye, na sehemu ya juu ya lango imeguswa pia, lakini nguzo kuu na matao makubwa mawili ya katikati, ambayo ndiyo moyo wa kazi, ni ya Lacer. Kila aliyekuja kuziba pengo alizikuta nguzo zikiwa tayari kulibeba tao jipya.

#10 Mchangiaji wa nne

Naomba kuongeza jambo moja kutoka upande wa historia ya Waislamu. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154 kwa Mfalme Roger II wa Sicily, alilitaja daraja hili kwa jina la Qantarat al-Sayf, yaani Daraja la Upanga, na akalihesabu miongoni mwa maajabu ya dunia. Ni al-Idrisi huyohuyo ambaye katika kitabu hichohicho aliandika kuhusu Malindi na Mombasa. Inafaa kukumbuka kwamba alipoandika, tao la kwanza lilikuwa bado halijavunjwa, kwa hiyo sifa zake zinahusu daraja la Warumi.

Swali langu kwa mleta mada: kama nguzo nene zina faida kubwa hivyo, kwa nini wahandisi waliziacha?

#11 Mleta mada

Ahsante kwa nyongeza hiyo ya al-Idrisi, imeipa mada uzito.

Nguzo nene ziliachwa kwa sababu zinaziba mto. Ukichukua daraja lenye nguzo za theluthi ya uwazi na kuliweka kwenye mto wenye sakafu ya mchanga, maji yanayobanwa kati ya nguzo yanaongeza kasi, yanachimba chini ya misingi, na wakati wa mafuriko yanajaa upande wa juu hadi kuingia mijini. Madaraja kadhaa ya Kirumi yalipotea kwa njia hiyo, na Perronet alikuwa na sababu nzuri ya kutafuta nguzo nyembamba katikati ya mto Seine.

Alcántara iliepuka hasara hizo kutokana na mahali ilipo. Mwamba hauchimbiki kirahisi, na kwa kuwa matao yameinuliwa sana, maji yanayozuiwa kwa upana yanapata nafasi ya kupita kwa kimo. Nguzo zenyewe zina ncha upande wa juu wa mto, inayoyapasua maji na magogo kabla hayajagonga ukuta. Ustadi wa Lacer, kama ninavyouona, ulikuwa katika kutambua kwamba mahali hapa panaruhusu nguzo nzito ambazo kwingine zingekuwa kosa. Trajan huyohuyo, katika miaka hiyohiyo, aliagiza daraja juu ya mto Danube, na mhandisi wake Apollodorus wa Damascus, akikabiliwa na mto mpana uliohitaji daraja lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, alichagua matao ya mbao juu ya nguzo za mawe. Lilikuwa daraja la ajabu kwa urefu, lakini halikudumu. Hadrian, aliyemfuata Trajan, aliiondoa sehemu yake ya juu.

Kuhusu hali ya sasa, mwaka 1969 bwawa kubwa la umeme la José María de Oriol lilikamilika umbali mfupi juu ya daraja. Mkondo uliweza kukaushwa na mafundi wakafika kwenye miguu ya nguzo, wakaikagua na kuitengeneza wakiwa wamesimama mahali pakavu. Tangu hapo mto unaofika chini ya matao ni ule unaoachiwa kwenye milango ya bwawa.